Sanduku la Vitabu la Chama: Ushauri wa Mkutubi kwa Makatibu na Wanachama

UTANGULIZI

Katibu wa chama cha msingi afikapo mjini ana njia zake za kawaida. Hupita chama kikuu kupeleka taarifa, huenda benki, huingia duka la pembejeo kuuliza bei ya dawa na mbolea, kisha hurejea stendi kuwahi basi. Ni nadra apite maktaba. Ilhali miji mikuu ya mikoa ina maktaba za umma, na ndani yake yumo mtu ambaye kazi yake ni kumsaidia kila aingiaye, awe mwanafunzi, mkulima au katibu wa chama. Mtu huyo ni mkutubi.

Somo hili laeleza namna mkutubi anavyowashauri wasomaji, vitabu vya hadithi na vya maarifa vifaavyo kuwekwa katika sanduku la vitabu la chama, na jinsi ya kuvitumia. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kuwa shabaha si kuwafanya wanachama wawe wasomi. Shabaha ni kulinda mali yao.

KWA NINI CHAMA KISOME

Ichukuliwe mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye wanachama mia tatu. Katika mkutano mkuu wa mwaka, ajenda ya ukomo wa madeni ilikuwa ya nane. Jua lilikuwa limekwisha pinda, mvua ilikuwa ikitishia, na watu walikuwa wakifikiria ng'ombe waliowaacha nyumbani. Katibu alisoma upesi, mwenyekiti akauliza kama kuna maoni, mikono ikanyoshwa, shauri likapita.

Miezi minane baadaye wanachama walipokwenda kupokea malipo ya pili walikuta yamekatwa sana. Mjane mmoja aliyekwisha ahidi fedha zile kwa ada ya mtoto wake aliondoka na bahasha isiyofika nusu ya alichotazamia. Kelele zikawa nyingi, na neno "wizi" likatajwa. Lakini muhtasari ulipofunguliwa, kiasi cha mkopo kilikuwa kimeandikwa wazi kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na utaratibu wa kukirejesha, na chini yake sahihi za mwenyekiti na katibu. Hapakuwa na aliyeiba wala aliyeghushi. Katika mkutano ule walikuwamo walimu wastaafu wawili, karani wa zamani wa mahakama, na vijana kadha waliomaliza sekondari. Wote walijua kusoma, lakini hakuna aliyesoma.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Chama hiki kilikuwa na daftari, na daftari lilikuwa safi. Kilichokosekana ni msomaji.

Waanzilishi wa ushirika walilijua jambo hili. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, hawakuridhika na kuuza unga, siagi na sukari tu. Hawakukawia kuweka chumba cha kusomea magazeti na vitabu juu ya duka lile, na katika miaka ya 1850 waliweka kanuni ya kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Watu hao walikuwa maskini, na kila senti ilikuwa na kazi yake. Hata hivyo walitambua kuwa duka la watu wasiosoma ni duka la yule mmoja asomaye. Kanuni hiyo haikufa. Katika misingi saba ya ushirika iliyotangazwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mwaka 1995, msingi wa tano ni elimu, mafunzo na habari.

NAMNA MKUTUBI ANAVYOSHAURI

Mkutubi mwenye uzoefu haanzi kwa kumwuliza mgeni, "Wataka kitabu gani?" Asiyevijua vitabu hawezi kulijibu swali hilo, na aghalabu huona haya akaondoka. Mkutubi huuliza mambo matatu: Chama kina shida gani kwa sasa? Ni nani atakayesoma? Naye atasoma wakati gani na mahali gani? Mwanachama anayesoma usiku baada ya kutwa nzima ya palizi asipewe kitabu kizito siku ya kwanza. Akikishindwa atajidhania mjinga, kumbe aliyekosea ni mshauri.

Njia hii ina asili yake. Mwaka 1931 mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India, S. R. Ranganathan, ambaye kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, alitoa kanuni tano za kazi ya maktaba. Moyo wa kanuni hizo ni kwamba vitabu vipo ili vitumike, na kwamba hakuna msomaji asiye na kitabu kinachomfaa, wala kitabu kisicho na mtu wa kukisoma. Kazi ya mkutubi ni kuwakutanisha wawili hao bila kumpotezea msomaji wakati.

Kwa vyama vya ushirika, ushauri ulio bora ni kuazima vitabu kwa jozi, kimoja cha hadithi na kimoja cha maarifa. Kitabu cha maarifa humwambia msomaji jambo lilivyo, sheria isemavyo na hesabu zilivyopangwa. Hadithi humwonyesha binadamu akiwa mbele ya jambo hilohilo: anavyotamani, anavyoogopa, anavyonyamaza. Katibu ajuaye sheria peke yake hushangazwa na watu. Katibu ajuaye watu peke yao hushindwa na karatasi.

Wako wazee wanaosema kuwa hadithi ni mambo ya watoto. Lakini wazee haohao, wanapotaka kumwonya kiongozi barazani, hawamsomei kifungu cha sheria. Humpigia hadithi ya fisi au ya sungura, naye huelewa kuwa yeye ndiye fisi. Kitabu cha hadithi hufanya kazi hiyohiyo.

Zifuatazo ni jozi ambazo mkutubi anaweza kuzipendekeza kwa chama cha msingi.

JOZI YA KWANZA: MASHARTI YA CHAMA NA "SHAMBA LA WANYAMA"

Kitabu cha kwanza cha maarifa kwa kila mwanachama hakimo maktabani. Kimo katika kabati la ofisi ya chama, nacho ni masharti ya chama chenyewe. Humo mna haki ya kupiga kura, utaratibu wa kuitisha mkutano, idadi ya wajumbe wa bodi na muda wao, na namna ziada inavyogawanywa.

Kisomwe pamoja na "Shamba la Wanyama", tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967 ya riwaya ya Mwingereza George Orwell. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba na kuandika amri saba ukutani ili wote wazifuate. Kisha nguruwe waliopewa uongozi wanaanza kuzibadili usiku, neno moja moja, kila wanapotaka kujihalalishia jambo lililokatazwa. Wanyama wengi hawajui kusoma vizuri. Wanahisi kuwa amri haikuwa hivyo zamani, lakini hawana hakika, na kwa kukosa hakika wananyamaza.

Mkutubi humwelekeza msomaji amwangalie sana punda. Yeye anajua kusoma sawa na nguruwe yeyote, lakini haoni faida ya kusoma kwa niaba ya wengine. Analifungua jicho lake siku ambayo rafiki yake farasi, mfanyakazi hodari kuliko wote, amekwisha pakiwa kwenye gari la mchinjaji. Ndipo punda anasoma maandishi ya ubavuni mwa gari kwa sauti. Wakati umekwisha pita. Chama cha mfano uliotolewa juu kilikuwa na punda wengi wa namna hiyo, watu waungwana waliosoma, ambao siku ya ajenda ya nane walinyamaza.

JOZI YA PILI: MKATABA WA MKOPO NA "MABEPARI WA VENISI"

Kabla ya chama kukopa, mkutano mkuu hauna budi kupitisha ukomo wa madeni, na kibali cha Mrajis kuombwa. Mkataba wenyewe husainiwa na viongozi, lakini deni hulipwa na mazao ya wote. Kwa hiyo mkataba ni kitabu cha maarifa kinachompasa kila mwanachama, hata kama kina kurasa nne tu. Mambo ya kutafuta ndani yake ni haya: kiasi, riba, siku ya kulipa, dhamana, na litakalotokea siku ikipita.

Kisomwe pamoja na "Mabepari wa Venisi", mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kutolewa mwaka 1969. Mfanyabiashara Antonio anamdhamini rafiki yake kwa mkopo wa miezi mitatu. Mkopeshaji anaweka sharti kwamba deni lisipolipwa kwa siku yake atakata ratili ya nyama katika mwili wa mdhamini. Antonio anatia sahihi kwa moyo mwepesi, maana meri zake ziko baharini na anaamini zitatia nanga kabla ya siku kufika. Meri hazifiki.

Mkulima hahitaji kufafanuliwa zaidi. Meri zake ni maua ya kahawa yaliyo mtini na pamba iliyo shambani. Asomaye mchezo huu hatasahau kuuliza: "Na mvua isiponyesha, mkataba wasemaje?" Wala asitegemee kuokolewa mahakamani kama Antonio. Yeye aliokolewa na neno moja lililosahauliwa katika mkataba, na mikataba ya siku hizi haisahau maneno.

JOZI YA TATU: TAARIFA YA UKAGUZI NA "MZIMU WA WATU WA KALE"

Hesabu za vyama hukaguliwa kila mwaka. Kwa kazi hiyo liko Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Taarifa ya mkaguzi haina budi kusomwa mbele ya wanachama. Wengi husubiri kusikia kama hati ni ya kuridhisha au ni yenye shaka, kisha husinzia. Kumbe habari yenyewe imo katika hoja zinazofuata: stakabadhi isiyoonekana, hati ya malipo isiyo na sahihi ya pili, magunia yaliyopokelewa yasiyolingana na magunia yaliyouzwa.

Kwa wajumbe wa kamati ya usimamizi, na kwa kijana yeyote anayeona hesabu kuwa kavu, mkutubi hutoa "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichochapwa mwaka 1960. Mtu anakutwa amekufa mahali pa mizimu, na watu wako tayari kuamini kuwa mizimu ndiyo iliyomwua. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, hakubali. Huangalia, huuliza, hulinganisha maneno ya huyu na ya yule, na huacha ushahidi umpeleke unakotaka.

Chama nacho kina mizimu yake. Fedha zikipungua husemwa kuwa ni panya, ni unyevu wa ghala, ni mizani ya zamani, au ni mkono wa watu wasiokitakia chama mema. Bwana Msa humfundisha mjumbe wa kamati kuwa kila kilichopungua kina mlango kilikotokea. Humfundisha pia jambo la pili lenye uzito uleule, nalo ni kutomshtaki mtu kwa sababu hapendwi. Karani mkali si mwizi kwa ukali wake, wala mtunza ghala mcheshi hasafishwi na ucheshi wake.

JOZI YA NNE: "TUJISAHIHISHE" NA "KUSADIKIKA"

Jozi hii ni ya viongozi. "Tujisahihishe" ni kijitabu kifupi alichokiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1962, kuhusu makosa yanayodhoofisha umoja wa watu. Kiliandikwa kwa ajili ya chama cha siasa, lakini mwenyekiti wa chama cha msingi atajikuta humo. Hueleza hasara ya kuyapima maneno kwa kumtazama msemaji, kama ni rafiki au ni adui, badala ya kuutazama ukweli wa maneno yenyewe.

Hadithi yake ni "Kusadikika" ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Katika nchi iliyo angani, Karama anashtakiwa kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi yao, na kila mmoja akalipwa kifungo.

Baada ya kusoma, bodi na ijiulize: Mwanachama aliyekwenda kutembelea chama cha jirani akarudi na wazo la kununua mizani mpya, alijibiwa nini? Aliyeomba kuoneshwa daftari la fedha, aliitwa jina gani? Chama kinachowaadhibu wajumbe wake kwa habari walizoleta hakitapata mjumbe wa saba.

JOZI YA TANO: "WASIFU WA SITI BINTI SAAD" NA "NGUZO MAMA"

Katika vyama vingi kazi ya kuchuma na kuanika hufanywa na wanawake, ilhali kitambulisho cha uanachama kiko mfukoni mwa mwanamume. Jozi hii imewekwa kwa sababu hiyo.

"Wasifu wa Siti binti Saad", ulioandikwa na Shaaban Robert na kutoka mwaka 1958, ni kitabu cha maisha ya kweli. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo maskini, na aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani na bara. Alifariki mwaka 1950. Msomaji huona jinsi mtu asiye na mali wala cheo alivyoheshimiwa kwa kazi yake mwenyewe.

"Nguzo Mama" ni mchezo wa kuigiza wa Penina Muhando uliotoka mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo yao, lakini kila wanaposhika kamba mambo yanakwama: huyu ana lake, yule ana ugomvi na mwenzake. Si kitabu cha kusifu wanawake tu wala cha kuwalaumu. Ni kitabu cha kikundi chochote chenye mzigo mmoja na nia nyingi. Chafaa kuigizwa na wanachama wenyewe, maana mchezo huhitaji watu na uwanja tu.

JOZI YA SITA: "ELIMU YA KUJITEGEMEA" NA "SHIDA"

Wastani wa umri wa watu mkutanoni hupanda, na wazee huuliza ni nani atakayerithi mibuni. Andiko la Mwalimu Nyerere "Elimu ya Kujitegemea" la mwaka 1967 liliuliza swali hilo mapema: Shule inamwandaa mtoto aishi na watu wake, au inamfundisha kuwakimbia? "Shida" ya Ndyanao Balisidya, iliyotoka mwaka 1975, huonyesha upande wa kijana mwenyewe anayetoka kijijini kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Mzee asome "Shida" na kijana asome andiko la Mwalimu, kisha wabadilishane. Kila mmoja atapata la kujibu.

KITABU KIMOJA CHENYE YOTE MAWILI

Kiko kitabu kimoja kinachosimama peke yake, nacho ni "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali" cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Ni hadithi ya mume na mke wapendanao waliokawia kupata mtoto. Lakini ndani yake mna kilimo, uvuvi, ndoa, dawa, pombe na adabu za Wakerewe wa zamani, yote yameelezwa hatua kwa hatua. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kukichapa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki.

Kitabu ni kirefu, hivyo kisomwe kwa sauti, sehemu moja kila mara. Wazee watamkatiza msomaji kusema kwao ilikuwaje. Waachwe waseme, na katibu mwenye busara aandike. Vyama vingi havina hata ukurasa mmoja wa habari za waasisi wake, na wanaozijua wanapungua kila mwaka.

UTARATIBU WA SANDUKU LA VITABU

1. Fungu la elimu liwekwe katika makisio na lipitishwe na mkutano mkuu. Vitabu vinunuliwe kwa stakabadhi kama mali nyingine ya chama, na viingizwe katika rejista ya mali.

2. Baadhi ya vitabu vilivyotajwa ni vya zamani na huenda visipatikane madukani. Katibu akamwulize mkutubi wa maktaba ya mkoa kama vipo, na kwa utaratibu gani chama kinaweza kuviazima. Kitabu kizima kisinakiliwe kwa mashine, maana huko ni kumnyima mwandishi haki yake, sawa na kupunja mizani ya mkulima.

3. Sanduku liwe la mbao, lenye kufuli, liinuliwe kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa na unyevu. Atunzaye funguo asiwe mtu asiyeonekana ofisini.

4. Daftari la uazimaji liwe na safu tano: tarehe, jina la mwanachama, jina la kitabu, siku ya kurudisha, na sahihi. Muda wa wiki mbili unatosha. Mwenyekiti aandikwe kama mwanachama mwingine yeyote.

5. Kamusi moja ya Kiswahili ibaki ofisini daima. "Kamusi ya Kiswahili Sanifu", iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, imekata ubishi mwingi juu ya maana ya neno katika muhtasari.

6. Wasiojua kusoma wasiachwe nyuma. Siku ya kupokea mazao watu husubiri mizani kwa saa nyingi, nayo ni nafasi nzuri ya kusoma kwa sauti kwa dakika ishirini. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya karibu watu milioni 2 nchini Tanzania katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio kwa majuma 12. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu na kiongozi wake, na baada ya kusoma watu walichimba vyoo na kusafisha visima. Kusoma kwa pamoja kuliishia katika kazi iliyoonekana kwa macho. Ndivyo ipasavyo kuwa katika chama.

HITIMISHO

Sanduku la vitabu kumi na mbili halitaongeza bei ya kahawa wala kuleta mvua. Litafanya jambo dogo zaidi. Ajenda ya nane itakapofika, na jua limepinda, atakuwako mtu mmoja nyuma ya ukumbi atakayenyosha mkono na kusema: "Ndugu Mwenyekiti, naomba ukurasa huo usomwe tena, polepole." Mjane wa mfano ule hakuhitaji zaidi ya hapo.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Nakala ya masharti ya chama chenu iko wapi? Ni wanachama wangapi wamekwisha kuisoma yote?

2. Katika mfano wa chama cha kahawa, kosa lilikuwa la nani: katibu, mwenyekiti, walimu wastaafu, au mkutano mzima? Toeni sababu.

3. Kwa nini punda wa "Shamba la Wanyama" hakusoma mapema? Je, katika chama chenu wako watu kama yeye? Ni nini kinachowafanya wanyamaze?

4. Mwanachama anasema, "Fedha za chama zinunue dawa ya mibuni, si vitabu vya hadithi." Mjibuni bila kumdharau.

5. Chagueni shida moja ya chama chenu kwa sasa. Kama mkutubi angewauliza maswali yake matatu, mngemjibu nini, na ni jozi ipi kati ya zilizotajwa ingewafaa kwanza?

6. Teueni mwanachama mmoja aandike kurasa mbili za habari za kuanzishwa kwa chama chenu, kwa kuwahoji wazee watatu. Kazi hiyo isomwe katika mkutano mkuu ujao.